Mtoto akifungwa waya za meno msimwache na uji mtupu

Binti yangu ana miaka 12, alifungwa waya za kunyoosha meno mwezi wa sita, na wa Mbeya wenzangu mnaujua mwezi wa sita wa huku, maji ya bomba yanauma mpaka vidole. Siku ile katoka kwa daktari yuko vizuri tu, anajiangalia kwenye simu yangu, tumefika nyumbani kala wali maharage nusu sahani nikajua mambo yameisha. Saa mbili usiku maumivu yakaanza. Kesho yake ndo ikawa mbaya zaidi, hata mkate aliochovya kwenye chai anaumumunya huku machozi yanatoka.

Kila niliyemuuliza akaniambia mpe uji. Nikampa uji asubuhi, mchana, jioni, siku tatu mfululizo, na sukari nikazidisha ili aupende. Siku ya tatu usiku kaja chumbani kwangu anasema mama nina njaa, tumbo limejaa lakini nina njaa. Iliniuma sana, na ndo maana naandika, kwa sababu mtoto wa umri huo anakua, anaenda shule kwa miguu na kurudi, hawezi kusukuma siku kwa uji mtupu, afu ile sukari inaganda pembeni ya vibati (vile vidude vinavyobandikwa kwenye jino kushika waya) na kusafisha meno yenye waya ni kazi, ukizembea jino linaanza kuharibika na kuacha alama nyeupe.

Aliyetuokoa ni bibi yake kutoka Tukuyu. Alikuja na ndizi za kupika, akazimenya, akazichemsha na nyama ya kusaga na nyanya, mwishoni akamimina maziwa, akaziacha motoni mpaka zikawa zinavunjika zenyewe mwiko ukipita. Kabla ya kupakua akachukua kipande akakibonyeza kwa ulimi juu kwenye kaakaa, kikavunjika bila jino kugusa, akasema mjukuu wangu anakula hiki. Tangu siku hiyo kipimo changu ni hicho hicho, kwa chakula chochote.

Na ukipima hivyo unagundua sisi wa Nyanda za Juu Kusini chakula laini tunacho tele, hamna haja ya kuhangaika na vitu vya supamaketi. Parachichi lipo, liponde na chumvi kidogo (limao acha, kama shavu limechubuka na waya litamwasha vibaya). Viazi mviringo viponde na maziwa na siagi. Mchele wa Kyela upike bokoboko. Mayai yavuruge yasikauke. Maharage mimi naloweka usiku, nachemsha mpaka yapondeke, afu nayapitisha kwenye chujio maganda yabaki juu, maana ganda la harage likijibana kwenye waya mtoto anahangaika nalo mchana mzima. Chainizi na mchicha katakata vidogo sana kwa sababu hiyo hiyo, nyuzi zake zinajizungusha.

Maziwa mgando tulibishana na bibi. Baridi yote hii unampa mtoto mtindi wa baridi? Lakini ubaridi unatuliza maumivu, nilimpa nusu kikombe akasema fizi zimepoa kidogo, bibi akakubali ila alimfunga sweta kwanza.

Shuleni mchana ni makande, na makande wiki ya kwanza asiguse. Niliongea na mwalimu nikaruhusiwa kumpa hotipoti. Naomba wazazi muongee mapema, msisubiri mtoto ashinde njaa kwa aibu ya kujieleza.

Halafu maumivu yakiisha ndo hatari nyingine inaanza, kwa sababu mtoto anasahau. Wiki ya pili alienda kwa jirani akapewa muwa, kibati cha jino la nyuma kikabanduka, tukarudi kwa daktari, nauli na hela ya kubandika upya juu. Kwa hiyo muwa, bisi, karanga ngumu, mifupa, barafu, ubuyu, bigijii, hivyo vyote asiguse mpaka waya zitoke. Mahindi mabichi yakifika nitamchemshia nimpukuchulie kwa kisu, ya kuchoma ya kung'ata hapana. Maepo ya Makete nakata vipande vyembamba, haruhusiwi kuling'ata zima.

Na mjue hii sio ya wiki moja. Kila akienda kukazwa waya, sisi ni kila baada ya wiki sita, yanarudi maumivu siku mbili tatu, sio makali kama ya mwanzo lakini yanauma. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya kusukutua weka tayari, na dawa ya maumivu muulize daktari kabla hujatoka pale sio saa tano usiku.

Alhamisi anakazwa waya tena. Ndizi bibi ameshazipakia kwenye kosta, na maharage naloweka Jumatano.