Uwiano wa mafuta kwenye damu hauwezi kushika nafasi ya kikopo cha mkojo

Ndugu na majirani hapa Mtwara wamezoea kuniletea karatasi zao za maabara niwasomee, na siku hizi nyingi ni za wagonjwa wa kisukari waliokwenda kupimwa mafuta kwenye damu wakarudi wakiwa wameambiwa kwamba majibu hayo hayo yanaonesha hali ya figo zao. Hoja hiyo haikuzuka hewani. Zipo tafiti nyingi, hasa za China na Marekani, zilizobaini kwamba mwenye kisukari ambaye trigliseridi zake, aina mojawapo ya mafuta ya kwenye damu, ziko juu na HDL yake, yaani ile lehemu (kolesteroli) tunayoiita nzuri, iko chini, hukutwa na maradhi ya figo mara nyingi kuliko mwenzake ambaye mafuta yake yako sawa. Sina ugomvi na tafiti hizo. Ninachokipinga ni kuuchukua uwiano wa trigliseridi kwa HDL na kuugeuza kipimo cha figo, ilhali kipimo chenyewe cha figo, kile cha mkojo, kinajulikana, hakina makuu, na wagonjwa wengi wa mikoa yetu ya kusini hawajawahi kufanyiwa hata mara moja.

Kwanza lipo suala la nani alianza. Mwaka 1982 Moorhead na wenzake wa London walitoa dhana kwamba mafuta yaliyozidi kwenye damu huiumiza figo yenyewe, na dhana hiyo imefanyiwa kazi kwa miongo mingi tangu hapo. Lakini figo iliyougua nayo huyavuruga mafuta: protini inapovuja kwenye mkojo, ini hujibu kwa kutengeneza kwa wingi chembe zinazobeba lehemu, na kimeng'enya kinachoziondoa trigliseridi kwenye damu hupungua nguvu, zikabaki zikizunguka muda mrefu kuliko kawaida. Kwa hiyo ukimpima mtu siku moja ukamkuta na yote mawili, mafuta mabaya na figo mbovu, huwezi kusema kwa uhakika lipi limezaa jingine. Utafiti mkubwa uitwao SHARP, uliotangazwa mwaka 2011 na kuhusisha wagonjwa wa figo zaidi ya 9,000, uliwashusha watu lehemu kwa dawa. Matukio ya moyo na kiharusi yakapungua, ila mwendo wa figo kuelekea kushindwa kazi haukubadilika kwa kiasi cha kuridhisha. Kama mafuta hayo ndiyo yangekuwa chanzo kikuu cha ugonjwa wa figo, ningetarajia matokeo tofauti na hayo.

Sukari isiyodhibitiwa nayo hupandisha trigliseridi, hata kwa mtu ambaye figo zake ni nzima kabisa, na mara nyingi zikishuka huwa ni kwa sababu sukari imeshuka. Huku kwetu kuna jambo jingine ambalo sijaona likizungumzwa. Mkulima wa Newala au Masasi huwa na fedha ya kujipeleka kupima vitu vingi kwa mpigo baada ya minada ya korosho kuanza, na msimu huo ndio wa mabibo, kwa hiyo ndio msimu wa uraka na gongo. Pombe hupandisha trigliseridi. Wengi wetu hatunywi, hilo nalijua, lakini kwa anayekunywa, karatasi ya mwezi Novemba itatoa picha ambayo karatasi ya mwezi Machi isingeitoa, na figo zake zikawa ni zile zile. Nazi, ambayo hulaumiwa kila mtu anapoambiwa ana mafuta, haihusiki sana hapa: mafuta ya nazi hupandisha zaidi LDL, yaani ile lehemu mbaya, ilhali trigliseridi huchochewa zaidi na sukari, soda, wanga uliokobolewa na pombe.

Mjomba wangu mmoja wa Tandahimba alinikabidhi karatasi yake ikiwa imekunjwa mara nne. Trigliseridi 2.1, HDL 0.9, na pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu namba 5.3, chini yake neno "figo" lililopigiwa mistari miwili. Akaniuliza, "Sasa mjomba, hizi figo zimekwisha au bado?" Nikazigawa zile namba mbele yake: 2.1 kwa 0.9 ni 2.3, wala si 5.3. Baadaye nikang'amua kwamba mwandishi wa wino mwekundu alikuwa amebadili kwanza kutoka milimoli kwa lita kwenda miligramu kwa desilita, ambako trigliseridi huwa kama 186 na HDL kama 35, kisha ndipo akagawa. Hesabu zote mbili ni sahihi. Tatizo ni kwamba utafiti mmoja huweka mpaka wake kwa kipimo cha kwanza na mwingine kwa kipimo cha pili, na anayesoma kwa haraka kwenye simu huku foleni ya wagonjwa ikimsubiri anaweza kumtia mtu katika hatari ambayo haipo, au kumtoa katika hatari aliyonayo. Isitoshe, katika karatasi ile yote hapakuwa na kipimo cha mkojo wala cha kreatinini, ile taka ya mwili ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu.

Linalonisumbua zaidi ni lile la asili ya watu waliopimwa. Kwa miaka mingi imeonekana kwamba watu wenye asili ya Afrika huwa na trigliseridi za chini kuliko Wazungu na watu wa Asia, hata pale mwili unapokuwa umeshakuwa sugu kwa insulini na kisukari kimeshika. Maana yake ni kwamba mama wa Kimakonde au wa Kimwera anaweza kuwa na uwiano mzuri wa mafuta, akapongezwa na kurudishwa nyumbani, huku albumini, protini ya damu, ikivuja kwenye mkojo wake kila siku. Mpaka uliowekwa kwa kupima watu wa Beijing haumfai mtu wa Kilwa Kivinje kabla haujapimwa kwa watu wa Kilwa Kivinje, na kosa la kumwambia mgonjwa kwamba yuko salama ni baya kuliko kosa la kumtia hofu ya bure.

Kipimo ninachokitetea ni uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo, ambao ukiwa chini ya miligramu 3 kwa milimoli huhesabiwa kuwa kawaida, kati ya 3 na 30 ni dalili kwamba figo zimeanza kuvujisha, na zaidi ya hapo ni hali nzito. Kile kijiti cha mkojo cha kawaida tunachokiona kwenye zahanati hakitoshi kwa kazi hii, kwa sababu hubadilika rangi wakati uvujaji umeshakuwa mkubwa, na kipindi cha mwanzo ambacho tungekitaka kinakuwa kimepita. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo, hedhi na kazi ngumu za shamba huweza kupandisha namba kwa muda, ndiyo maana hutakiwa vipimo viwili kati ya vitatu, ndani ya miezi mitatu hadi sita, vikubaliane. Mwenye kisukari cha aina ya pili anapaswa kupimwa tangu siku anayogundulika na kisha kila mwaka, kwa kuwa huenda sukari ilikuwa imekaa mwilini miaka kadhaa bila kujulikana.

Pamoja na mkojo huenda kreatinini ya damu, nayo isisomwe peke yake. Kreatinini ya mikromoli 100 kwa lita kwa kijana wa kiume wa miaka 25 inaonesha figo zinazochuja kama mililita 92 kwa dakika, ambayo ni sawasawa. Namba hiyo hiyo kwa bibi wa miaka 70 ni kama mililita 52, na hapo tayari tunapaswa kuwa na wasiwasi. Nimeona karatasi za wazee zikigongwa muhuri wa "kawaida" kwa namba ambayo si ya kawaida kwao hata kidogo. Kukokotoa kasi ya kuchuja hakuhitaji kemikali wala mashine mpya, bali umri, jinsia na kanuni ambayo simu yoyote inaweza kuifanya, na sielewi kwa nini maabara bado zinatoa kreatinini tupu.

Kipimo cha mafuta kisitupwe. Mgonjwa wa kisukari anakihitaji kwa ajili ya moyo wake, maana wengi wenye figo mbovu huondolewa na moyo kabla figo hazijafika mwisho, na daktari hukitumia anapoamua kuhusu statini, yaani dawa za kushusha lehemu. Kama zahanati imeshakipima na uwiano ukaonekana mbaya, basi iwe ni sababu ya kuomba kipimo cha mkojo siku hiyo hiyo. Uvujaji ukigundulika mapema zipo dawa zilizothibitishwa: losartani, dawa ya shinikizo la damu, imeonesha tangu mwaka 2001 kwamba huchelewesha figo kushindwa, na kundi la dawa za kisukari ziitwazo gliflozini limeongeza nguvu katika miaka ya karibuni, ingawa kwa bei yake si kila mtu wa huku anaimudu. Na mgonjwa huyo huyo aulizwe kuhusu diklofenaki, dawa ya maumivu, anayojinunulia kwa ajili ya magoti, kwani hiyo huziumiza figo bila kuonekana kwenye kipimo chochote cha mafuta.

Najua zahanati ya ndani Liwale au Nanyumbu haina mashine ya kupima albumini. Lakini mkojo ukiwekwa kwenye jokofu hudumu karibu wiki moja bila albumini yake kuharibika, na sampuli za makohozi za kifua kikuu tayari husafirishwa kutoka vijijini kwenda kwenye maabara zenye vifaa. Njia ile ile ingeweza kubeba boksi la baridi lenye vikopo vya wagonjwa wa kliniki ya kisukari mara moja kwa mwezi hadi hospitali ya mkoa, na majibu yakarudi kwa simu kabla ya kliniki inayofuata.