Ongeza Kumi, Aika!

"Themanini na tano hiyo ni taslimu au ahadi?" katibu aliniuliza, kalamu imeshagusa daftari.

Nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza ya baa moja ya Majengo, hapa Moshi, kichwa ndani ya mkoba, nagombana na simu. Na hiyo themanini na tano haikuwa pesa. Ilikuwa arobaini na saba jumlisha thelathini na nane.

Nirudi nyuma kidogo.

Nina ADHD, hali ya ubongo inayosumbua umakini na kujizuia. Kwa lugha ya vikao, mimi ndiye yule anayeahidi kabla hajaulizwa. Kikao cha kwanza cha harusi ya binti wa shangazi, muziki ulipanda, shangazi akafuta machozi, mimi huyo nikasimama nikatamka kreti kumi za soda na keki. Usiku nikakaa kitandani najiuliza, keki kwa hela ya nani? Watu husema nina roho nzuri. Si roho, ni breki. Ubongo wa namna hii huitikia haraka na kusita kwa kuchelewa, na ile kumbukumbu inayotakiwa kushikilia jambo kichwani kwa sekunde chache huku unafanya jingine, inavuja kama ndoo ya saruji. Pochi ina shilingi ngapi nilijua vizuri tu. Ila mdomo ulipofunguka, hesabu ilikuwa imetoka kidogo.

Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika mengi kuhusu ADHD, husisitiza kwamba shida yetu haiko kwenye kujua la kufanya, iko kwenye kulifanya pale pale linapohitajika. Kwa hiyo kikumbusho kikae pale pale pia. Kikibaki kwenye daftari nyumbani, kinalikumbusha kabati.

Nilianza na kioo, kama wengi. "Mimi ni mwanamke mwenye mpangilio." Siku nne. Kila nikisema, jicho linateleza nyuma yangu kitandani: rundo la nguo, chaja tatu, sahani ya juzi. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake wa Kanada walionyesha kwamba wanaojidharau wakilazimishwa kurudia sifa kubwa wasizoziamini, huishia kujisikia vibaya zaidi. Nilikuwa ushahidi nambari moja. Nikabandua karatasi kiooni. Gundi ipo mpaka leo.

Kilichonifaa ni vijisentensi vya aina mbili. Kwanza, kujiita jina. Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walichapisha mwaka 2014 kwamba mtu aliyebanwa akijisemesha kwa jina lake badala ya "mimi", anatulia na kufanya vizuri zaidi. Kweli bwana. "Aika, funguo kikapuni" inafika. "Natakiwa niweke funguo" inapita kama kelele za wapiga debe stendi. Pili, ule mpango wa "likitokea hili, nafanya hili", ambao mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliuandikia mwaka 1999. Unachagua ishara moja ya kuona au kusikia, unaifunga na tendo moja lisilozidi dakika, unaitamka kwa sauti mara tatu huku unajiona ukilifanya. "Nitakuwa makini" si mpango. Umakini hauna saa ya kufungua.

Kwa kikao cha pili nikajiandaa. Kadi ya single ilikuwa elfu hamsini, double elfu themanini. Mpango wangu: "Aika, ukisikia jina lako, maji funda tatu, halafu sema single." Maji si ya kiu. Mdomo uliojaa hauwezi kuahidi, na funda tatu ni sekunde kama kumi, zinatosha hesabu kurudi.

Niliukariri kwenye daladala kutoka Kiboriloni, kwa sauti, maana kimoyomoyo sentensi yangu huanza na maji ikaishia kwenye bei ya vitenge. Mama aliyekaa pembeni alivumilia mara mbili. Ya tatu akanishika goti. "Mwanangu, kwani amekuacha lini?"

Kikao kilianza Jumapili saa kumi jioni, maana yake kilianza saa kumi na moja. Baba mdogo ndiye mwenyekiti. Nikamwamkia, nikakaa karibu na ukuta, chupa ya maji mkononi, simu nimeizima sauti. Mtu mzima kabisa.

Sasa, Jumamosi usiku nilikuwa nimeweka kengele ya mazoezi, kuchuchumaa na kuinuka, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mlio ni sauti yangu mwenyewe. Jumapili haikulia, na mimi nikaamka saa mbili nikajipongeza kwa kuamka bila kengele. Wala sikujiuliza imeenda wapi. Ilikuwa imeenda jioni. Niliandika 5:30 bila kuangalia kale ka-PM pembeni.

Tena kuzima mlio wa simu hakuzimi kengele. Kwenye simu nyingi kengele ina sauti yake ya pembeni, na yangu niliipandisha mpaka mwisho kwa sababu najijua.

Baba mdogo alikuwa ndiyo kwanza amesema, "Haya, tunaanza na upande wa kina shangazi," mkoba ukapiga kelele:

"Aika! Aika, simama mama! Unaweza! Ulianza na ishirini, leo ongeza kumi!"

Na mimi, nilipaswa kuzima simu. Lakini nilisikia jina langu. Nikanyanyua chupa, nikanywa funda tatu.

Nataka mnielewe hapa: mpango ulifanya kazi. Mkono ulikwenda wenyewe bila kuniuliza, ndivyo mipango hii inavyotakiwa kuwa. Kosa lilikuwa kwenye ishara. Nilisema "jina lako", sikusema "jina lako likitajwa na mwenyekiti".

"Sauti ni ya Aika," baba mdogo alisema polepole, "lakini mdomo umejaa maji."

"Aika! Usijihurumie! Ongeza kumi!"

Funda tatu nyingine.

"Ishirini, kumi, na kumi," katibu akanong'ona, anaandika. "Arobaini."

Hapo ndipo nikaingia chini ya meza. Ile programu ya kengele hainyamazi mpaka ufanye hesabu tatu za kujumlisha. Niliichagua kwa makusudi, na nikaipandisha ngazi ngumu, kwa sababu zile rahisi nilikuwa nazijibu usingizini na kuendelea kulala. Na hesabu ya tarakimu mbili siiwezi kimya kimya. Nikishabeba moja, nasahau nimeibebea nani. Lazima niitamke.

"Saba na nane kumi na tano, nabeba moja... themanini na tano!"

Ndipo katibu akauliza lile swali lake.

"Sitini na nne na arobaini na nane... mia moja na kumi na mbili!"

"Anapandisha!" mtu akapiga meza. Vigelegele.

"Themanini na sita, hamsini na saba... mia moja arobaini na tatu!"

Simu ikanyamaza. Nikatoka chini ya meza, nywele usoni, na shangazi alikuwa ameshasimama anakuja kwangu akicheza, kitenge chake mkononi. Akanifunga kiunoni. Nilifungua mdomo nieleze habari ya hesabu, nikamwona machozi, nikasema, "Tuko pamoja shangazi." Kwa machozi ya shangazi sikuwa nimeweka mpango.

Nimeshafanya ukarabati. Simu inasoma saa ishirini na nne, kwa hiyo 5:30 na 17:30 hazifanani. Kwenye sauti hakuna namba hata moja, ni "Aika, zulia" tu, nikifika kwenye zulia mwili unajua. Na ishara ya vikao sasa ni daftari la katibu likifunguliwa, kitu ambacho simu haiwezi kuigiza.

Jumanne baba mdogo akapiga. Anaiomba ile sauti aiweke kwenye grupu la WhatsApp la harusi, iwaamshe wenye ahadi. "Jina lako tutalikata," akasema. Nikamtumia.

Hakukata. Alhamisi usiku grupu zima limenisikia, "Aika! Usijihurumie!", na chini yake mweka hazina akaandika: "Aika, hamsini tumepokea. Bado tisini na tatu."