Kunguni Ndani ya Nyumba: Dawa, Joto, au Vyote Viwili?

Ukiinua pembe ya godoro usiku na kumulika mshono kwa tochi, mara nyingi humwoni kunguni mwenyewe. Unaona vidoa vyeusi, kana kwamba mtu amegusisha ncha ya kalamu ya wino, na magamba mepesi ya kahawia waliyojivua walipokuwa wakikua. Mayai nayo hayako mbali: meupe, ya urefu wa milimita moja hivi, yameng'ang'ania kwenye kitambaa au ndani ya ufa wa mbao. Mabishano ya tiba gani ni bora yangepaswa kuanzia kwenye mayai hayo. Badala yake, mengi huanzia kwenye kopo la dawa.

Wanaotetea dawa ya kupulizia wana hoja nzito. Baadhi ya dawa hubaki pale zilipopuliziwa, hivyo kunguni aliyekuwa amejificha siku ile akipita hapo baadaye naye hupata sumu. Joto halina faida hiyo. Chumba kikishapoa, kunguni mwingine akiingia kesho na begi la mgeni, hakuna cha kumzuia. Tena dawa haihitaji mitambo mikubwa, na fundi anayejua kazi yake humaliza nyumba kwa muda mfupi.

Shida ni kwamba dawa nyingi haziui mayai vizuri. Leo wakubwa wanakufa, familia inalala usingizi wa kwanza wa maana baada ya wiki kadhaa, kisha siku 6 hadi 10 baadaye mayai yanaanguliwa na wadogo wanatoka wakitafuta damu. Hapo watu husema dawa ilikuwa feki, wanaongeza kipimo, wanachanganya na nyingine. Pengine dawa haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni raundi ya pili, ambayo kwa kawaida hufanywa baada ya wiki 2 hivi, kabla wale wadogo hawajakua na kuanza kutaga. Kwa hiyo ukizungumza na mpuliziaji, swali la kumuuliza kabla ya bei ni hili: utarudi lini?

Kuna pia usugu. Mwaka 1947, huko Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani kisiwani Hawaii, kunguni walikwisha kuonekana wakistahimili DDT, dawa ya kuua wadudu iliyosifiwa sana wakati huo. Leo wengi wanastahimili pairethroidi, kundi la dawa lililobuniwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, na hilo ndilo kundi lililojaa kwenye makopo ya madukani. Kumpulizia kunguni sugu dawa ileile mara nne ni kazi bure, na anayeivuta ni wewe na watoto wako.

Joto halijali usugu. Kwenye nyuzi 50 za Selsiasi kunguni na mayai yake hufa kwa dakika chache. Kwenye 45 kunguni huchukua zaidi ya saa moja, na mayai huchukua muda mrefu zaidi. Nguo na mashuka yakifuliwa kwa maji ya nyuzi 60, au yakizungushwa nusu saa kwenye mashine ya kukaushia yenye joto kali, yamesalimika. Mashine ya mvuke nayo hufanya kazi nzuri kwenye mishono na chaga za kitanda, mradi uisogeze polepole. Ukiipitisha haraka kama unapiga pasi shati, mvuke hauingii ndani na mayai yanabaki mazima.

Lakini kupasha moto chumba kizima ni kazi ya wataalamu. Lazima joto lifike ndani ya ukuta na katikati ya godoro, na kunguni hukimbilia palipo baridi. Gharama yake pia si ya kila mtu. Wanaojaribu wenyewe kwa jiko au hita hujitafutia moto wa kuunguza nyumba.

Mabomu ya moshi, yaani makopo yanayofukiza dawa chumba kizima, sitayazungumzia sana: moshi hauingii kwenye nyufa, na kunguni wanaishi kwenye nyufa.

Ila kuna jambo siwezi kulipita. Watu hupaka godoro dawa za shambani, au hufungia chumbani vidonge vya kuhifadhia nafaka vinavyotoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo hupenya ukuta na mlango, na imeua watu waliolala chumba cha jirani, wakiwemo watoto. Kunguni anakunyima usingizi, anakuwasha mwili, anakutia aibu mbele ya wageni, na mateso hayo siyadharau hata kidogo. Lakini haijathibitika kwamba anaambukiza binadamu ugonjwa wowote. Usimfukuze kwa kitu kinachoua.

Ningelazimika kuchagua, ningeanza na joto kwa kila kinachofulika, mvuke kwa kitanda na godoro, kisha mfuko wa kufunika godoro zima ili waliobaki ndani wasitoke. Dawa ingefuata, kwenye nyufa tu, kwa mkono wa mtu aliyefunzwa, raundi mbili. Kitanda ningekisogeza mbali na ukuta, na chini ya kila mguu ningeweka kikombe cha kutegea chenye kuta zinazoteleza, ambacho kunguni akitumbukia hawezi kupanda tena. Vikombe hivyo ningevikagua kila asubuhi. Na hata vikikaa vitupu wiki nzima, nisingeifuta raundi ya pili, kwa kuwa wiki moja ni muda ambao mayai mengine bado hayajaanguliwa.