Diteka Ililia Mpaka Kwenye Friza la Mkaa

Mimi ni fundi friji wa povu. Gesi ikivuja nakoroga sabuni ya unga kwenye kopo, napaka kwenye viungio vya bomba, na panapotoa mapovu ndipo penye tundu. Nimekula kwa kopo hilo miaka. Sasa siku moja nikalipwa hela nzuri ya AC, shetani wa maendeleo akanipanda kichwani, nikanunua diteka: kimashine cha mkononi chenye shingo ndefu kama ya korongo. Kikinusa gesi kinalia tii, tii, na ukilikaribia tundu kinapandisha mori.

Muuzaji akanielekeza. Iwashe nje penye hewa safi, maana hewa itakayoikuta wakati inawaka ndiyo itakayoihesabu kuwa sifuri. Halafu ijaribu kwa kichupa hiki kinachotoa mvuke kidogo sana. Ikilia, ni nzima. Ukimaliza, funga kifuniko. Hilo la kifuniko alilirudia mara mbili, mimi nahesabu chenji.

Kazi ya kwanza ilikuwa Magomeni, kwa mama mmoja muuza samaki wa kugandisha na barafu za ukwaju. Friza lake lilikuwa haligandishi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo nayo ya nini, ya mbu?”

“Hii, mama, inanusa.”

Nikaiwasha palepale ndani, kichupa kimeshafunguliwa mkononi. Ikanyamaza kama mkwe ugenini. Nikaisogeza kwenye kichupa chenyewe, kimya. Ndipo nikakumbuka habari ya sifuri: ilikuwa imeuzoea mvuke ule tangu inaamka, ikaona ndiyo dunia ilivyo. Nikatoka nje, nikaizima, nikakiweka kichupa mbali, nikaiwasha upya, nikaijaribu. Ikapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Nikatumbukiza kichupa mfuko wa shati, nikarudi ndani kifua mbele.

Nikainama kwenye kompresa: tii! Kiungio cha kwanza, tii! Cha pili, tii! “Mama, hili limeoza.” Nikahamia friza la pili, ambalo samaki wake walikuwa wagumu kama matofali. Nikainama, tii! Mama akashika kichwa. Mimi huku napiga hesabu ya gesi, bomba na kodi yangu ya nyumba ya miezi mitatu.

Kwenye kona kulikuwa na friza la tatu. Nikainama. Hapo ndipo ilipolia kuliko kote.

“Na hilo, fundi?”

“Mama, hili ndilo baba lao.”

“Hilo naweka mkaa. Kompresa niliwauzia watu wa vyuma chakavu mwaka juzi.”

Mtu mwenye akili angekoma hapo. Mimi nikasema gesi ya zamani huwa inajificha ndani ya kuta. Nilijisikia mwenyewe nikiyasema, na sikunyamaza.

Mjukuu wake, kama miaka minane hivi, alikuwa akinifuata nyuma anamung’unya ubuyu. “Bibi, mbona akisimama hailii?”

Nikasimama. Kimya. Nikainama, tii. Nikasimama, kimya. Nikawa kama kuku anayedonoa. Yule mtoto akanipokonya mashine, akaninusisha kifuani, ikalia hadi taa zake zote zikawaka. Mfukoni kichupa kilikuwa kimelala wazi. Kifuniko nilikiacha nje kwenye ngazi. Kila nikiinama, mfuko unaning’inia jirani na pua ya mashine, na mvuke wake mzito unaimwagikia. Nyumba nzima mvujaji alikuwa mimi.

“Mama,” nikasema kwa sauti ya chini, “hakuna sabuni ya unga hapo?”

Akanipa na kopo. Mapovu yalitokea kwenye vali ya kujazia gesi ya friza la kwanza, basi, sehemu moja. Nikabadilisha pini ya vali, nikavuta hewa, nikajaza gesi. Yule mtoto alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, diteka mapajani, ananisimamia.

Mama akanilipa bila neno, akahesabu noti mara mbili. Nikashukuru, nikabeba begi. Nilikuwa nimeshafika getini aliponiita.

“Fundi! Na lile la mkaa utakuja kulijaza gesi lini?”