Pua ile haina mstari

"Kwa hiyo hii si yako, umeigilizia tu?"

Mgeni aliniuliza hivyo kikombe kikiwa mkononi, amesimama mbele ya turubai iliyonila wiki sita. Umeigilizia! Neno la chumba cha mtihani. Nikacheka kiungwana, moyoni nikisaga meno.

Ndiyo, nimeigilizia. Nimemwigilizia *Msichana mwenye Hereni ya Lulu*, kazi ya mchoraji Mholanzi Johannes Vermeer ya mwaka 1665 hivi, na nitaigilizia nyingine. Anayejifunza udi huanza na nyimbo za waliomtangulia na hakuna anayemwita mwizi. Akija mchoraji, ghafla kila mtu hakimu.

Anayedhani kunakili ni kazi ya mkono hajawahi kujaribu. Mkono wangu haukuwa na neno. Macho ndiyo yaliyokuwa yakinidanganya. Tabaka la kwanza nilipaka kahawia niliyoizimua kwa tapentaini, mwanga na kivuli tu, likakubali vizuri. Nikafika kwenye pua. Nikavuta mstari safi kutoka kwenye nyusi hadi nchani, maana nani asiyejua kuwa pua ina ukingo? Binti wa watu akaonekana kama amebandikwa pua ya kuazima. Nikafuta, nikarudia. Nikafuta tena. Siku ya nne, kwa hasira, nikapindua vyote viwili juu chini, picha ya kunakilia na turubai yangu, ndipo nikaona: mstari haupo! Upande wa mwanga, mgongo wa pua na shavu la mbali ni rangi moja, vimeyeyukiana kabisa. Vermeer kaacha, na wewe unayetazama ndiye unayemalizia pua kichwani mwako bila kujua. Miaka yote nimeitazama picha hiyo na kila mara nimeuona mstari ambao haukuchorwa. Ningeambiwa na kitabu ningeitikia "sawa", kisha nikaendelea kuchora mistari yangu.

Hereni nayo ilinila jioni mbili. Niliiviringa, nikaizungushia mng'ao pande zote, ikatoka gololi. Ya Vermeer haina hata kikulabu cha kuishikiza sikioni: juu kipande kizito cha nyeupe, chini mpako mwepesi unaoakisi ukosi wa nguo, basi. Yangu niliikwangua kwa kisu.

Na huo wizi mnaousema, mchoraji mashuhuri Rubens alikuwa amevuka miaka 50, ana jina, ana fedha, ametumwa kwa kazi ya ubalozi, lakini alipokaa Madrid mwaka 1628 na 1629 alikuwa akinakili kazi za Titian, bwana wa uchoraji wa Italia aliyemtangulia. Yeye naye apelekwe kwa msimamizi wa mtihani? Louvre, jumba la makumbusho la Paris, imewapokea wanakili tangu 1793, mradi nakala isilingane na asili kwa ukubwa. Kwa faraja ya wenye wasiwasi, asili ya Vermeer ina sentimita 44.5 kwa 39; yangu ni kubwa zaidi.

Haya, shingo upande, nakubali jambo moja. Nakala hubeba na ukongwe wa asili yake. Ile nyeusi ya nyuma ya binti niliipaka kwa uaminifu mkubwa, tabaka juu ya tabaka, kumbe uchunguzi wa kisayansi ulioanza 2018 ulionyesha kuwa palikuwa na pazia la kijani, rangi ikaharibika kwa miaka. Nimenakili uchakavu kwa bidii zote. Na wapo wanaojificha nyuma ya mabwana wa kale miaka kumi, wakiogopa kumketisha mtu hai mbele yao. Hao siwatetei.

Mgeni alipoondoka niliwasha taa ya pembeni, nikakaa mbele ya kioo na turubai tupu, nikaanza kutafuta pua yangu inaishia wapi. Upande wa taa sijaupata huo mwisho mpaka sasa.