Fulana ya Bure, Bei ya Mbuzi

Jamani, ukikusanya stempu unaitwa msomi. Kusanya khanga na fulana za kampeni uone! Za chama kimoja, majirani wanauliza umelambishwa asali kiasi gani. Za vyama vyote, basi wewe ni mtu wa Usalama wa Taifa.

Na vitu vyenyewe viligawiwa bure, watu wakagombania. Vitafute sasa: fulana imekuwa dekio, khanga imekuwa beleko. Ndiyo maana ununuzi ni wiki ile ya matokeo, na uanze na walioshindwa, maana fulana zao kesho yake hazivaliki. Fulana safi ya Mrema, mgombea urais wa NCCR-Mageuzi, ya 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi 1992, utaisaka mpaka soli iishe.

Kwa muuzaji usithubutu kutamka "kumbukumbu", bei itapaa hapo hapo. Sema unataka khanga kuukuu. Atakutolea moja "ya Uhuru kabisa, 1961", nayo imeandikwa Tanzania! Mzee, 1961 hii ilikuwa Tanganyika; jina la Tanzania limekuja Oktoba 1964. Yenye nembo ya CCM ndiyo kichekesho zaidi, chama kimezaliwa 5 Februari 1977. Ila usimwite tapeli haraka, tafuta mwaka wa pili. Ikisoma 1961–2011, ni ya sherehe za miaka 50, na umri wake ni huo wa mwisho.

Halafu doti! Unauziwa kipande kimoja, mwenzake yuko kwa wifi Tandika. Yenye thamani ni doti nzima, haijakatwa katikati wala kupindwa, jina linasomeka. Chomoa uzi mmoja ukauchome: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu, ukiyeyuka ukaganda kidonge kigumu, hiyo ni poliesta, usilipe bei ya pamba ya zamani. Mwenye khanga atakudhania mchawi. Vumilia.

Beji ndizo balaa la pwani. Hewa ya chumvi inaanza na pini, kutu inatambaa hadi kwenye picha. Na kuna watu wanazisugua kwa limau na majivu! Kutu inatoka, na uso wa mgombea unatoka. Kitambaa kikavu kinatosha.

Khanga izungushie kwenye bomba la karatasi, kwa sababu penye mkunjo ndipo inapochanikia. Mfuko wa plastiki unafuga unyevu, ukungu unahamia. Na kabati lifungwe kwa kufuli, la sivyo kampeni ijayo shangazi anaivaa mkutanoni.