Ati mimi ndiye mwenye kelele

Ploti yetu hapa Pipeline, Nairobi, ina ghorofa saba na kelele za kutosha kaunti nzima. Chini kuna kanisa la mabati lenye spika nne na waumini kumi na mmoja. Kando yake yupo fundi wa kuchomelea milango, anayeanza kukata vyuma kabla jogoo hajaamua kama atawika. Ghorofa ya tano anakaa kijana anayejifunza udijei. Huu ni mwaka wa pili na bado yuko kwenye wimbo uleule. Hao wote hakuna aliyewahi kupewa notisi. Notisi imeletwa kwangu, ghorofa ya nne, mtu wa kusikiliza muziki usio na ngoma, usio na mwimbaji, usio na hata kiitikio.

Unaitwa ambienti, na mimi napenda ule wa giza. Ni mvumo. Unakuja, unakaa, unawaza mambo yake, kisha unaondoka bila kuaga. Aliyeupa jina ni Mwingereza, Brian Eno. Mwaka 1975 aligongwa na teksi, na akiwa bado kitandani akawekewa santuri ya kinubi, sauti chini mno. Kuinuka aongeze hawezi. Akalala vivyo hivyo akisikiliza kinubi kikichanganyika na mvua ya nje, na miaka michache baadaye akatoa albamu ya muziki wa viwanja vya ndege. Huku kwetu ukigongwa na bodaboda unaletewa ndizi na uji wa themosi, halafu unafunguliwa kundi la mchango la WhatsApp. Hapo muziki utatokea wapi?

Giza lenyewe waliliongeza watu kama Lustmord wa Wales, ambaye amerekodi sauti mapangoni, kwenye vyumba vya makaburi na machinjioni. Najua, najua. Mtu wa Dagoretti machinjio anayasikia bure kila alfajiri, na mimi nanunua bando.

Shida si sauti kuwa juu. Niliipunguza hadi nikawa nasikia tumbo langu vizuri zaidi. Lakini sauti nyembamba hukwama ukutani, nzito hupenya. Nimepiga hesabu: wimbi la hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita nane na nusu hivi, na chumba changu ni mita tatu kwa tatu, kitanda ndani, jiko ndani. Litakaa wapi? Lililobaki linaenda kwa jirani. Naye akabisha mlango usiku mmoja, leso kichwani.

"Jirani, pole. Kuna mgonjwa humu?"

Asubuhi nilikuta kizingiti changu kimemiminiwa mafuta ya upako. Niliteleza nikafika ghorofa ya tatu bila kukanyaga ngazi.

Kisha akaja keateka, mtunza ploti, na spana mkononi. "Kijana, pampu ya maji inalia huku kwako."

"Mzee, si pampu. Ni muziki."

Alinitazama vile unavyomtazama mtu aliyekwambia kodi ameshatuma. Nikaona nijiokoe. "Hata Wakenya wamo, Mzee. Yuko kijana wa hapa hapa Nairobi, anajiita KMRU. Jina lake Joseph Kamaru, mjukuu wa Kamaru."

Spana ikashuka. "Kamaru yupi? Kamaru wetu?"

"Kamaru wenu, Mzee. Yule mwimbaji wa Kikuyu aliyetuacha 2018."

Akavua kofia. Akaketi kitandani, maana kiti changu hukaliwa na nguo. Nikamwekea Peel, albamu ya mjukuu ya mwaka 2020, na nakuapia sijaona mtu akisikiliza muziki kwa adabu kama ile. Mikono magotini, macho kwenye spika, anasubiri gitaa.

Dakika tano. "Anakaza nyuzi," akaniambia kwa imani.

Dakika kumi na mbili. "Huyu gari lake linapasha moto sana."

Dakika ya ishirini na kitu akainuka, akavaa kofia, akaokota spana. "Sawa," akasema. "Kumbe siku hizi hata pampu ina ukoo."

Lakini alinitetea. Alipita mlango kwa mlango akitangaza kwamba ule mvumo wa usiku msiuogope, ni yule wa ghorofa ya nne na mjukuu wa Kamaru. Notisi ikasahauliwa. Jirani akarudisha mafuta yake kabatini. Mwezi mzima nikaishi kama binadamu.

Sasa Alhamisi iliyopita nimelala, taa zimezimwa, naskia mvumo ambao sijawahi kuusikia. Mzito, umetulia. Juu yake kitu kinapiga mluzi kama chuma kinacholalamika. Halafu mikwaruzo, taratibu, inapanda. Kulikuwa hata na harufu ya moshi kidogo, nikadhani jirani ameunguza chapati. Nikasema moyoni, huyu jamaa, yeyote yule, ni hodari. Nikasinzia nikitabasamu.

Asubuhi bomba lilikohoa hewa mara mbili likanyamaza. Pampu imeungua. Ploti nzima iliisikia ikifa usiku kucha, na kila mtu akageukia ukutani akasema ni yule wa ghorofa ya nne. Leo siku ya tatu tunapanda ngazi na mitungi ya lita 20, na kila ninayepishana naye ananitolea macho.

Keateka alinisimamisha pale langoni, mikono imejaa grisi. "Kijana, juzi usiku ulikuwa unasikiliza nini?"

Sikumjibu. Spika yangu ilikuwa imeisha chaji tangu saa mbili.